UMEME UKIKATIKA, JIHADHARI NA KURUDI KWAKE

Umeme unapokatika jioni, jambo la kwanza ambalo jamaa nyingi hufanya ni kutafuta mshumaa au tochi. Jirani humwuliza jirani kama giza ni la nyumba moja au la mtaa mzima, na baada ya muda mfupi kila mtu huendelea na shughuli zake. Ni wachache wanaokumbuka kuzunguka nyumbani na kuzima pasi, jiko, friji na televisheni. Wengi hudhani ya kuwa, maadamu umeme haupo, hatari nayo haipo. Dhana hiyo imekwisha kuharibu vitu vingi vilivyonunuliwa kwa akiba ya miaka, na pengine imeleta moto na vifo. Hatari yenyewe hungojea saa ile umeme unaporudi.

Jambo hili lawahusu hasa jamaa za askari wa jeshi na polisi. Mara nyingi baba au mama yuko kazini usiku, kwenye lindo au safarini, na nyumba imebaki mikononi mwa wengine. Aidha, katika makambi vyumba vingi hutumia waya mmoja, na kosa la nyumba moja huweza kuwa msiba wa majirani kumi. Kwa hiyo yafaa kila mmoja wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, afahamu nini hutokea umeme unapoyumba na nini kinachompasa kufanya.

KWA NINI UMEME HUYUMBA

Katika Uganda umeme wa nyumbani umekusudiwa uwe wa volti 240. Sehemu kubwa ya umeme huo hutoka katika maji ya Mto Nile, tangu bwawa la Owen Falls karibu na Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale na ambalo lilifunguliwa mwaka 1954, hadi bwawa la Karuma lenye megawati 600, lililozinduliwa mwezi wa Septemba 2024. Kutoka huko umeme husafiri kwa nyaya ndefu, hupita katika transfoma mbalimbali, na mwishowe hufika kwenye nguzo iliyo karibu na nyumba. Popote katika safari hiyo waweza kupatwa na kizuizi: tawi la mti, nguzo iliyooza, radi, au mtambo uliosimama. Mwezi wa Aprili 2020 kisiwa cha majani na udongo kilichokuwa kikielea katika Ziwa Victoria kilisukumwa hadi Nalubaale, kikaziba njia ya maji, na nchi nzima ikaingia gizani. Mwenye nyumba hawezi kuzuia mambo ya namna hiyo.

Licha ya kukatika, umeme hupungua nguvu. Umeme katika waya wafanana na maji katika bomba: nyumba iliyo mwishoni mwa bomba hupata maji haba wakati wenzake wote wamefungua mifereji yao. Vivyo hivyo nyumba iliyo mbali na transfoma hupata volti chache nyakati za jioni, watu wanapopika, kupiga pasi na kutazama televisheni kwa pamoja. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo wale mafundi wasio na kibali, ambao Kampala huitwa kamyufu, wameunganisha nyumba kwa wizi. Transfoma iliyowekwa kwa ajili ya nyumba chache hulazimika kubeba mtaa mzima.

Sasa umeme unaporudi baada ya kukatika, kila kitu kilichoachwa kikiwa kimewashwa katika mtaa huvuta umeme kwa mara moja. Mota za friji zote hutaka kuanza pamoja, na majiko na mabirika nayo huanza kupata moto. Volti huanguka, kisha huruka juu, na huenda umeme ukakatika na kurudi mara mbili au tatu kabla haujatulia. Ndiyo maana dakika chache za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, na ndiyo maana nyumba yenye busara huwa imezimwa wakati huo.

FRIJI HUUAWA NA UDHAIFU WA UMEME

Watu wengi huogopa umeme mwingi na kudharau umeme haba. Taa ikififia, husema ni afadhali kuliko giza. Kwa birika au pasi hasara si kubwa: volti zikishuka kutoka 240 hadi 160, joto hupungua hata chini ya nusu, na maji hukawia tu kuchemka. Lakini kwa friji, feni, pampu ya maji na kila kitu chenye mota, umeme haba ni sumu. Mota isiyopata nguvu ya kutosha kuanza kuzunguka hukwama, na ikikwama huweza kuvuta umeme mara tano au zaidi kuliko kawaida yake. Umeme huo wote hugeuka kuwa joto ndani ya nyaya zake nyembamba, na nyaya hizo huungua. Fundi akiifungua hukuta harufu ya kuungua, na gharama ya kompresa mpya hukaribia bei ya friji kuukuu.

Friji ina udhaifu mwingine. Ndani ya mabomba yake mna gesi iliyoshindiliwa. Friji inapozimika, gesi ile huhitaji dakika kadhaa ili itulie na kuwa na mkazo ulio sawa kila upande. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota hulazimika kuanza ikiwa na mzigo mzito mbele yake, na aghalabu hushindwa. Kwa sababu hiyo yapasa kung'oa plagi ya friji mara tu umeme unapokatika, na kutoirudisha mpaka umeme umekaa imara kwa muda wa dakika tano. Chakula hakitaharibika kwa dakika hizo, kwa sharti mlango usifunguliwe-funguliwe. Friji iliyofungwa vizuri huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa nne hivi.

PASI, JIKO NA MITA YA KULIPIA KABLA

Askari hupiga pasi sare yake kila siku, na kazi hiyo hufanywa alfajiri au usiku. Tuseme umeme umekatika wakati sare ipo nusu. Pasi imelala juu ya kitambaa, au imesimamishwa kitandani kwa haraka, na mwenyewe ametoka kwenda kuazima pasi ya makaa kwa jirani, kisha ameondoka kwenda gwarideni. Saa mbili baadaye umeme warudi. Pasi yaanza kupata moto pale pale ilipoachwa, juu ya godoro au meza ya mbao, na mlango umefungwa kwa kufuli. Hakuna wizi wala uadui katika jambo hilo, bali ni plagi moja tu ambayo haikung'olewa.

Jiko la umeme lina hatari ile ile. Mpishi aliyekuwa akikaanga kwa mafuta huhamia kwenye sigiri ya makaa, akasahau kuzima jiko, na sufuria yenye mafuta ikabaki juu yake. Umeme ukirudi usiku wa manane, mafuta hupata moto wakati watu wote wamelala.

Zaidi ya hayo, kuna kukatika ambako mwenye nyumba hukuleta mwenyewe. Katika nyumba zenye mita ya kulipia kabla, ambayo wengi huiita Yaka, uniti zikiisha umeme hukatika bila onyo kwa yule asiyetazama mita. Mtu hununua uniti kwa simu, huingiza tarakimu zile 20, na papo hapo nyumba nzima huwaka. Kabla ya kubonyeza tarakimu hizo, ni wajibu wake kuhakikisha kwamba swichi kuu imezimwa, au kwamba pasi na jiko vimezimwa. Jambo hili halichukui hata dakika moja.

VOLTI ZINAPOPANDA KUPITA KIASI

Katika nguzo nyingi hupita nyaya tatu za umeme na mmoja wa kurudishia. Kati ya waya mmoja wa umeme na ule wa kurudishia mna volti 240, lakini kati ya waya mmoja wa umeme na mwingine mna volti 415. Ule wa kurudishia ukikatika au ukilegea, mizani ya mtaa huvunjika: nyumba moja hupata volti chache, na ya jirani huweza kupata volti nyingi kupita kiasi. Dalili zake ni rahisi kutambua. Taa za nyumba moja huwaka kwa ukali usio wa kawaida na feni hukimbia, ilhali kwa jirani taa hufifia. Mtu akiona hivyo asingojee kuona zaidi. Azime swichi kuu mara moja, awaambie majirani wafanye vivyo hivyo, kisha apige simu kwa wenye kazi ya kugawa umeme.

Adui mwingine ni radi. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye ngurumo nyingi sana duniani. Katika mji wa Tororo, kati ya miaka 1967 na 1976, ilihesabiwa wastani wa siku 251 zenye ngurumo kwa kila mwaka. Si lazima radi ipige nyumba yenyewe. Ikipiga waya ulio mbali, mshtuko husafiri katika nyaya na kuingia kwenye televisheni, redio na chaja za simu. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa kuwa umeme wa radi huruka nafasi ile ndogo iliyomo ndani ya swichi. Dawa yake ni kung'oa plagi, pamoja na waya wa antena, wingu linapoanza kukusanyika. Radi ikiwa imekwisha karibia, mtu asishike waya tena. Aache vitu viungue kuliko kuungua yeye.

VIFAA VYA KULINDIA

Madukani huuzwa vifaa vya namna tatu, na wanunuzi wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kilinda-friji. Hiki hutazama umeme, na volti zikiwa haba mno au nyingi mno hukata, kisha hungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Kwa nyumba yenye friji moja, hicho ndicho kitu cha kununua kwanza, nacho hakina gharama kubwa. Cha pili ni stabilaiza. Hiki hujaribu kuzirudisha volti mahali pake, zikishuka huzipandisha na zikipanda huzishusha. Hufaa pale ambapo umeme ni haba kila jioni, lakini hapana budi kiwe na uwezo unaozidi mahitaji ya friji inapoanza, la sivyo kitaungua chenyewe. Cha tatu ni soketi yenye kinga ya mshtuko. Hii huzuia mruko mkali wa ghafla, lakini haisaidii hata kidogo volti zinaposhuka, wala haiwezi kazi yake sawasawa ikiwa nyumba haina waya wa ardhini.

Yasisahauliwe pia mambo mawili. Hakuna hata kimoja katika vifaa hivyo kinachoweza kuzuia radi ya karibu. Na hakuna kimoja kinachomwokoa mtu aliyeshika waya ulio wazi.

FYUZI HULINDA WAYA, HAIMLINDI MTU

Kila plagi ya pembe tatu za mraba ina fyuzi ndani yake. Redio, taa ya mezani na televisheni hutosheka na fyuzi ya ampea 3; pasi na birika huhitaji ya ampea 13. Fyuzi ikikatika, watu wengine hufunga kipande cha waya au karatasi ya sigara inayong'aa, na kitu huwaka tena. Hapo wamemwondoa mlinzi langoni. Siku kitakapotokea kitu cha hatari, waya uliomo ukutani ndio utakaoungua badala ya fyuzi, na moto utaanza mahali pasipoonekana.

Hesabu fupi yaonyesha jinsi ilivyo rahisi kupita kiasi. Ampea 13 mara volti 240 ni wati 3,120. Huo ndio mwisho wa mzigo ambao soketi moja imekusudiwa kubeba. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikichomekwa pamoja katika soketi ya waya mrefu ni wati 3,200, na mpaka umekwisha kuvukwa kabla ya kuongeza televisheni. Waya mrefu uliokunjwa, au uliofichwa chini ya mkeka, huzidi kupata moto kwa sababu joto lake halina pa kutokea. Plagi ikiwa ya moto mkononi, au ikitoa harufu, hiyo ni taarifa ya kutosha.

Kuhusu uhai wa mtu, hesabu yatisha zaidi. Umeme wa makumi machache tu ya miliampea ukipita kifuani huweza kusimamisha moyo ukikaa kitambo. Swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo fundi huiweka karibu na mita, imetengenezwa ili ikate upesi sana umeme ukivuja kiasi cha miliampea 30. Fyuzi ya ampea 13 hungoja mpaka miliampea 13,000 zipite, yaani zaidi ya mara 400. Basi yule anayetegemea fyuzi imwokoe anategemea kitu ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Nyumba iwe na swichi hiyo, na kitufe chake cha kujaribia kibonyezwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Tena waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani, au kijani na manjano, usikatwe wala kuachwa wazi. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kibali cha mamlaka ya kusimamia umeme, ambaye akiombwa hawezi kukataa kukionyesha.

JENERETA

Baadhi ya watu hurudisha umeme nyumbani kwa jenereta. Wapo wanaoiunganisha kwa waya wenye plagi pande zote mbili, wakaichomeka katika soketi ya ukutani. Swichi kuu ikiwa haikuzimwa, umeme huo hutoka nje kwenye nguzo, hupita katika transfoma kwa njia ya kinyume, na kupanda hadi volti 11,000. Huko juu yupo fundi anayetengeneza waya akiamini ya kuwa hauna umeme. Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia peke yake, ambayo hairuhusu umeme wa aina mbili kukutana. Tena isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani penye madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu iuayo watu usingizini.

MTU AKINASWA NA UMEME

Huruma bila akili huongeza maiti ya pili. Aliyenaswa asiguswe kwa mkono kabla ya kuzimwa swichi kuu. Swichi isipopatikana upesi, mwokoaji asimame juu ya kitu kikavu, na amsukume mgonjwa mbali na waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama waya ni wa nguzo za nje ulioanguka, hata mti haufai. Watu wakae mbali, na wapige simu. Kumwagia maji au maziwa hakusaidii, na maji huweza kuua wote wawili.

Mgonjwa akiwa amekwisha achiliwa na hapumui, akandamizwe kifua katikati, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, mpaka msaada ufike. Anayejua kumpulizia pumzi ampulizie mara mbili baada ya kila mikandamizo 30. Hata akizinduka na kusema ni mzima, apelekwe hospitali, kwani moyo uliopata mshtuko huweza kuleta taabu baadaye. Moto wa umeme nao usimwagiwe maji. Izimwe swichi kuu, utumike mchanga mkavu au kizima-moto cha unga. Katika Uganda namba za simu za polisi kwa hatari ni 999 na 112.

ZAMU YA NYUMBANI

Kambini hakuna lindo lisilo na mwenyewe. Nyumbani nako kuwe na zamu, na kila mtu aijue yake:

1. Umeme ukikatika, mtu mmoja aliyetajwa ang'oe plagi za pasi, jiko, friji na televisheni. Iachwe taa moja tu ikiwa imewashwa, ili iwe ishara ya kurudi kwa umeme.

2. Umeme ukirudi, ingojewe dakika tano. Taa ile ikiwaka kwa utulivu, bila kufifia wala kung'aa kupita kiasi, ndipo vitu virudishwe kimoja kimoja, friji kwanza na pasi mwisho.

3. Asiondoke mtu nyumbani wakati wa giza kabla ya kuhakikisha kwamba kazi ya kwanza imefanywa.

4. Kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule aonyeshwe swichi kuu ilipo, na namna ya kuizima kwa mkono mkavu.

5. Njia ya kufikia swichi hiyo isizibwe na masanduku wala magunia.

Mambo haya hayahitaji elimu ya ufundi wala fedha nyingi. Yanahitaji mazoea. Jamaa itakayoyafanya kwa mwezi mmoja itayafanya bila kukumbushwa, na askari aliye lindoni usiku, akiona taa za mji zikizimika na kuwaka tena kwa mbali, atajua ya kuwa huko nyumbani yupo aliyekwisha kung'oa pasi.